Niguni: wimbo usiohitaji maneno

Niguni ni neno la Kiebrania, maana yake mahadhi. Lakini Wayahudi wa Kihasidi, ambao jumuiya yao ilianzia Ukraine katika karne ya 18, hulitumia hasa kwa wimbo unaoimbwa bila maneno.

Ni jioni ya Sabato, watu wameizunguka meza ya rebe, kiongozi wao wa dini. Mmoja anaanza chini chini, "ya-ba-bam, ay-ay-ay", wengine wanadakia. Wanarudia tena na tena, macho wameyafumba, viganja vinagonga meza. Kipande cha kwanza mara nyingi ni kizito na cha chini; kinachofuata hupanda, kisha sauti hurudi zilikoanzia. Hiyo ni ibada kamili. Kwa Wahasidi, neno likishatamkwa limekwisha, ila sauti tupu huweza kuendelea pale sala ya kusoma inapokomea. Mahadhi hayohayo huvikwa pia maneno ya zaburi na kuingia sinagogi, kwa hiyo wimbo wa mezani na wa ibada ni ndugu wa damu.

Hapa lazima nimtaje Joel Engel, mtunzi ambaye wengi hawamjui, naye anastahili kujulikana. Alizaliwa Berdyansk mwaka 1868, akasomea muziki Moscow na kuandika uhakiki wa muziki magazetini. Mwaka 1912 alifuatana na mwandishi S. An-sky kwenye miji midogo ya Wayahudi huko Ukraine, wakiwa na fonografu, mashine ya kurekodi sauti. Mwimbaji aliinamia pembe ya mashine, sindano ikachora sauti yake kwenye silinda ya nta. Silinda moja hubeba dakika chache tu. Mtu aliyezoea kuzungusha niguni yake mpaka roho itulie, ilimbidi aibane humo.

Engel hakuziacha nyimbo hizo zilale kwenye nta. Alipoutungia muziki mchezo wa kuigiza wa An-sky, Dybbuk, ulioonyeshwa Moscow mwaka 1922 na kundi la Habima, aliujenga juu ya mahadhi ya Kihasidi. Wimbo mmoja wa mchezo huo una maneno machache; yanauliza kwa nini roho imeanguka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, kisha yanajibu kwamba ndani ya kuanguka mna kupanda. Mahadhi yenyewe yanakwenda taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Alifariki Tel Aviv mwaka 1927. Silinda nyingi za misafara ile zimehifadhiwa Kyiv, katika Maktaba ya Vernadsky. Nta hukwaruza kwanza, ndipo sauti inaingia.