Kilomita chache si kipimo cha uzima wa gari
Ukiingia yadi ya magari Dar es Salaam au Mombasa kutafuta Toyota Premio ya familia, utaoneshwa dashibodi kwanza: "Kilomita 60,000 tu, bosi!" Wengi hulipa hapo hapo. Namba hiyo hurudishwa nyuma kirahisi mno. Inama utazame mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika upande mmoja, na usukani unang'aa kwa kushikwa, gari limetembea sana. Dai karatasi ya mnada ya Japani, ripoti ya ukaguzi wa gari lilipopigwa mnada huko. Humo huandikwa kilomita na daraja la ubora wa gari. Hata kilomita zikiwa za kweli, gari lililoegeshwa miaka mingi sili zake (mipira inayozuia oili isivuje) hukauka, oili ikavuja. Mimi ningechukua lenye 120,000 na kumbukumbu kamili za sevisi.