Ganzi ya eneo: kwa nini presha inashuka huku miguu ikipata joto

Ganzi ya eneo huzima hisia za sehemu moja ya mwili huku mgonjwa akiwa macho, tofauti na nusu kaputi inayomlaza kabisa. Katika thieta za Uganda, kuanzia hospitali kuu ya Mulago hadi vituo vya afya vya daraja la nne, inayojulikana zaidi ni sindano ya mgongo anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji.

Dawa, mara nyingi bupivakaini, huingizwa kiunoni, ndani ya maji yanayozunguka neva za uti wa mgongo. Haizimi maumivu tu. Zile neva nyembamba zinazoamuru mishipa ya damu ijikaze nazo hulala, tena mapema. Mishipa ya miguu na tumbo hulegea, damu hutuama huko, na inayorudi moyoni hupungua. Ni maji ya jerikeni moja yaliyomiminwa kwenye pipa: hayajapungua, ila chombo hakijai. Presha ya 120/80 inaweza kufika 85/50 ndani ya dakika chache.

Mama mwenyewe hatasema presha imeshuka. Atapiga miayo, atalalamika kichefuchefu au kizunguzungu, na ofisa wa ganzi aliye makini huwa ameshavuta efedrini au fenilefrini, dawa za kupandisha presha, kwenye bomba la sindano kabla mashine haijamaliza kupima. Dripu inakimbia, na chini ya nyonga ya kulia pameshawekwa mto, ili tumbo lielemee kushoto na lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Haraka yote hiyo ni ya mtoto pia, maana damu inayofika kwenye kondo la nyuma inategemea presha ya mama.

Sasa mguse nyayo. Zina joto na ni kavu. Damu nyingi inapita kwenye ngozi, hivyo kipimo cha oksijeni kinachobandikwa juu ya ngozi ya mguu huweza kupanda wakati ule ule presha inaposhuka. Mikononi, ambako ganzi haikufika, mishipa hujikaza kufidia: vidole hupoa, mgonjwa hutetemeka, na oksimita ya kidoleni, kile kibanio cha kupimia oksijeni ya damu, husuasua. Hiyo oksimita nayo wengi huielewa vibaya. Inaonyesha asilimia ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyobeba oksijeni kwenye ateri, si oksijeni inayoifikia ngozi, wala presha. Mtu anaweza kusoma asilimia 98 huku presha yake inaporomoka. Na ikiporomoka mno, hata ile nafuu ya ngozi ya miguu hupotea.

Ganzi ya mkono haina msukosuko huo. Aliyevunjika mkono kwenye ajali ya boda akichomwa juu ya mtulinga, mkono hupata joto na presha kwa kawaida haiyumbi, kwani mishipa iliyolegea ni ya mkono mmoja tu. Wanaomtengenezea mgonjwa wa figo njia ya damu mkononi, ya kumsafishia damu kwa mashine, huipenda ganzi hii kwa sababu hiyo hiyo: mshipa uliopanuka hushoneka kwa urahisi.