Wilaya ya 94 Virginia: mpaka kwenye bakuli

Kila steti ya Virginia kule Marekani ikiwa na uchaguzi napata meseji zile zile, "chama gani kinaongoza kwa asilimia?" na mi jibu langu ni lile lile, achaneni na asilimia ya steti nzima, niulizeni wilaya ngapi. Bunge lao la chini lina viti 100, kila wilaya mtu mmoja, miaka miwili tu wanarudi kuomba tena. (Wilaya hapa sio ile ya mkuu wa wilaya jamani, ni kama jimbo la ubunge kwetu.)

Chukua 2017. Chama cha Republican walikuwa na viti 66, wapinzani wao Democrat 34. Democrat wakanyakua 15 kwa mkupuo mmoja, na kura zao ukijumlisha steti nzima zilikuwa nyingi kuliko za wenzao, ila viti wakagota 49. Ramani ya wilaya ilichorwa 2011 na Republican ndo walioshika kalamu, halafu kura za Democrat zimerundikana mijini na kule kaskazini karibu na Washington, na wilaya hata uishinde kwa kura elfu kumi bado kiti ni kimoja. Na hizo jumla zenyewe zina mtego, maana kuna wilaya mgombea anapita bila kupingwa.

Utamu wenyewe uko wilaya ya 94, mji wa Newport News. David Yancey wa Republican alimzidi Shelly Simonds kura 10. Zikahesabiwa upya, Simonds akawa juu kwa kura moja, 11,608 kwa 11,607, na mi nikabadilisha jedwali langu nikalala zangu. Kesho yake majaji watatu wakawekewa mezani karatasi moja, viduara vyote viwili vimejazwa wino, cha Yancey na cha Simonds, ila cha Simonds kimekatwa na mstari. Wakasema huyu alimtaka Yancey. Sare, 11,608 kila mmoja!

Kwao sare hairudiwi. Tarehe 4 Januari 2018 majina yakatiwa kwenye vile vikopo vidogo vya filamu za kamera, vikopo vikatiwa kwenye bakuli la kauri kutoka makumbusho ya sanaa, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja, Yancey. 51 kwa 49, na spika akabaki wa Republican. Yaani siku hiyo walipiga kura kwa maana ya zamani kabisa ya neno letu, kama wale askari kwenye Injili walivyolipigia kura vazi la Yesu.

Baadae mahakama ikaona wilaya kadhaa zilichorwa kwa kuwarundika wapiga kura weusi pamoja, ramani ikachorwa upya na mistari ya 94 nayo ikasogezwa. 2019 Simonds akakutana na Yancey yule yule, safari hii akamwacha mbali, na Democrat wakafika 55.