Bingwa wa Taifa Hafuzu Olimpiki Moja kwa Moja

Wengi huamini kwamba mwogeleaji akishinda mashindano ya taifa, chama cha kuogelea cha nchi yake hakina budi kumpeleka Olimpiki. Sivyo. Chama huandaa mashindano, husimamia waamuzi na hutunza rekodi za taifa, lakini muda wa kufuzu huwekwa na World Aquatics, shirikisho la dunia lililojulikana zamani kama FINA, nao lazima upatikane katika bwawa la mita 50, kwenye mashindano yanayotambuliwa na shirikisho hilo. Muda wa bwawa la mita 25, ambamo mwogeleaji hupata kasi mpya kila anapogeuka ukutani, hauhesabiwi.

Nchi isiyo na waliofuzu huweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa mpango wa namna hiyo Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 mjini Sydney mwaka 2000 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na wanaomcheka hawajaelewa kwamba nafasi hizo ziliwekwa ili mchezo ufike kusiko na mabwawa. Marekani nayo, pamoja na wingi wa waogeleaji wake hodari, huingiza wawili tu katika kila shindano la mtu mmoja mmoja.