Digrii moja inayopotea kikombeni

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniita mezani kwake akiwa amekikumbatia kikombe kwa viganja viwili. "Mwalimu, kinatoa baridi!" Nilifurahi kwamba amehisi, ila nikamwomba aondoe mikono upesi. Baridi haitoki popote. Bikaboneti ya sodiamu na asidi sitriki, ile asidi iliyomo kwenye limau, zinapomenyuka hufyonza joto la maji yaliyomo, na maji yakishapoa huvuta joto la chochote kinachoyagusa, viganja vya mtoto vikiwemo.

Vifaa si vya gharama. Yeyusha gramu 10 za asidi sitriki kwenye mililita 100 za maji, subiri kipimajoto kitulie, kisha tia gramu 10 za bikaboneti, ile ya kuumulia keki. Magadi yasitumike, yana kaboneti ndani yake na yatakuvurugia matokeo. Chombo kiwe kirefu, maana povu hupanda kwa kasi. Tia kijiko kijiko huku unakoroga.

Sasa, kutia kidogo kidogo kunakula dakika nzima au zaidi, na mchana hapa Mwanza darasa letu lina nyuzi 28. Mmenyuko unapoza, hewa inapasha, vyote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kipimo cha chini kabisa unachokisoma si mwisho halisi wa kushuka.

Kikundi cha kijana yule kilianza nyuzi 26, kikasoma 19, kikaandika tofauti ya 7 na kufunga daftari. Niliwarudisha mezani. Wakasoma kila nusu dakika: dakika tatu kabla ya kutia unga, dakika saba baada yake. Wakachora grafu, wakaweka rula juu ya nukta zinazopanda mwishoni, wakaurefusha mstari ule kurudi nyuma hadi dakika unga ulipoingia. Ukagusa 18. Tukichukua gramu 100 za kimiminika na jouli (kipimo cha nishati) 4.2 kwa kila gramu kwa kila digrii, tofauti ya 7 inatoa jouli 2,940. Ya 8 inatoa 3,360. Jouli 420 zilikuwa zimeingia kutoka chumbani bila mtu kuziona. Hesabu hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko povu lote.

Kikombe ndani ya kikombe, pamba katikati na kifuniko cha kadibodi hupunguza sana uvujaji huo.

Na kipimajoto chenyewe kikaguliwe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliviweka kando vitatu kwa sababu maji yalichemka navyo vikasoma 96. Vilikuwa vizima kabisa. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 96. Siku hizi naanza na barafu: naiponda, naongeza maji kidogo, nakoroga, nasubiri sifuri. Barafu ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, ni rahisi kupata, ila chukua ambayo haijalaziwa samaki, kwa sababu chumvi na uchafu huishusha chini ya sifuri.