Mtangulizi wa Kimormoni ni nani? Maisha ya Jane Manning James

Kwa Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mtangulizi ni yule aliyehamia Bonde la Salt Lake, Utah, Marekani, kati ya 1847 na 1869, kabla reli haijafika. Walikuwa wakikimbia mateso. Nabii wao, Joseph Smith, aliuawa gerezani huko Illinois mwaka 1844, na miaka miwili baadaye wakaanza kuuhama Nauvoo, mji walioujenga kwa mikono yao. Safari ilizidi kilomita 2,000, na wengi waliikata kwa miguu kando ya magari ya ng'ombe.

Picha za watangulizi mara nyingi huonyesha Wazungu pekee. Ndiyo maana nataka tumtazame Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Connecticut.

Yeye alianza safari ya miguu hata kabla ya ile ya Utah. Mwaka 1843, akiwa muumini wa Kanisa hilo na akielekea Nauvoo na mama yake na ndugu zake, alinyimwa nafasi ya kuendelea na safari kwa meli pale Buffalo, New York, kwa sababu ya rangi yake. Wakashika njia kwa miguu hadi Nauvoo, kilomita 1,300 hivi. Viatu vilikwisha, nyayo zikapasuka, damu ikaacha alama za miguu yao ardhini. Walipofika Peoria, Illinois, wakatishiwa jela wasipoonyesha hati za uhuru, wao ambao, kwa maelezo ya Jane, hawakuwahi kuwa watumwa wa mtu.

Septemba 1847 alifika Utah na mumewe, Isaac, na wanawe, miongoni mwa wahamiaji wa mwanzo kabisa. Chakula kilikuwa cha shida. Jirani yake, Eliza Lyman, aliyeachwa bila unga mumewe aliposafiri kwenda California, aliandika katika shajara yake ya 1849 kwamba Jane alimpa ratili mbili za unga. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao Jane.

Lakini dhiki yake kubwa, kwa maoni yangu, haikuwa njaa wala jangwa. Tangu 1852 Kanisa lilitangaza kuwa weusi hawapewi ukuhani, na pia walizuiwa kupokea ibada za juu za hekaluni. Jane aliomba ibada hizo kwa miaka mingi, akiwaandikia viongozi barua, mojawapo ya 1884. Akakataliwa kila mara. Mwaka 1894 alichokubaliwa ni kuunganishwa na familia ya Joseph Smith kama mtumishi, na hata siku hiyo hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Mwanamke mwingine alisimama kwa niaba yake. Hakuridhika, akaendelea kuomba, na kanisani hakuondoka.

Alifariki Aprili 1908. Rais wa Kanisa, Joseph F. Smith, alihutubia mazishini. Katazo liliondolewa Juni 1978, na mwaka uliofuata Jane akafanyiwa, kwa niaba, ibada ya endaumenti, mojawapo ya zile ibada za juu za hekaluni, aliyoililia kwa miaka mingi.