Uhakiki ni nini hasa? Kwa wanaosoma kitabu kimoja kwa mwezi

Mwisho wa mwezi hali ni ile ile. Watu wamejiwekea lengo la kusoma kitabu kimoja kila mwezi, tarehe zimekwisha, na sasa kila mmoja analeta alichokisoma. "Huu hapa uhakiki wangu," anasema wa kwanza, kisha anasimulia: mhusika alizaliwa wapi, akampenda nani, akasalitiwa na nani, akafa vipi. Wa pili anaonyesha jalada la kitabu na nyota nne, naye anasema amehakiki. Wa tatu anaomba radhi: yeye hatahakiki, maana kitabu amekipenda mno. Wawili wa kwanza ningewavumilia. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya nikae niandike.

Maana yenyewe haina urefu. Kuhakiki kitabu ni kupima kile kitabu kinachokifanya na namna kinavyokifanya, halafu kutoa uamuzi ambao msomaji mwingine anaweza kuukagua kwa kufungua kitabu hicho hicho. Uamuzi bila ushahidi ni maoni. Ushahidi bila uamuzi ni dondoo. Masimulizi bila vyote viwili ni muhtasari. Vyote hivyo ni vitu halali na vina kazi yake, lakini kila kimoja kina jina lake.

Sasa kwenye shina la neno mnivumilie, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Haki, hakika, hakiki: maneno haya ni ndugu wa baba mmoja. Yametoka Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya ukweli na jambo lililothibiti. Kuhakiki, basi, ni kuutafuta ukweli wa jambo mpaka ukaupata. Ndiyo maana neno hili maofisini limekuwepo siku zote na halijawahi kumchanganya mtu. Kuna uhakiki wa mali za serikali, uhakiki wa madeni, uhakiki wa laini za simu kwa alama za vidole. Aliyekuwa mtumishi wa umma Tanzania mwaka 2017 hahitaji kufunguliwa kamusi. Mwezi Aprili mwaka ule, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi zaidi ya 9,900 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Waliofanya kazi ile hawakuulizwa kama cheti kimewapendeza, wala hawakutakiwa kusimulia mwenye cheti alisoma wapi na alilala bweni gani. Swali lilikuwa moja: hiki kinachodaiwa hapa, ni kweli ndicho? Cheti kinadai, mhakiki anakwenda kwenye kumbukumbu kutazama.

Kitabu nacho kinadai. Kinadai kwamba huyu mwanamke ni jasiri, kwamba kijiji kile kilikuwa na amani kabla ya wageni kuja, kwamba mapenzi haya yalikuwa ya dhati. Mhakiki anakwenda kutazama kama kurasa zinayabeba madai hayo.

Cha kuvutia ni kwamba Waarabu wenyewe, wakizungumzia fasihi, hawatumii shina hilo. Wao husema naqd, neno lililoanzia kwa watu wa fedha: kutenga dirhamu nzuri na mbovu. Neno hilo nalo lilivuka bahari likafika pwani yetu, ila kwetu halikutoka sokoni. Nakidi kwenye kamusi zetu ni fedha taslimu. Tahqiq kwao ni kazi nyingine, ya kuchunguza na kuthibitisha, na kwa wanazuoni wa vitabu ni kulinganisha nakala za miswada ya kale ili kupata matini sahihi. Sisi tukaichukua hiyo ya kuthibitisha, tukapata tahakiki, uhakiki, mhakiki. Mimi naona tulichagua vizuri. Tungechukua ile ya dirhamu, kazi ya mhakiki ingekuwa kutupa vitabu kwenye mafungu mawili, hili zuri na hili bovu. Nyota nne za yule mwenzetu ni naqd ya haraka haraka.

Turudi kwa aliyekipenda kitabu akaogopa kukihakiki. Huyo amechanganya kuhakiki na kukosoa. Kukosoa limezaliwa na kosa. Anayekosoa ametoka nyumbani kwenda kutafuta kosa, na mara nyingi hurudi nalo. Anayehakiki hajui atarudi na nini. Anaweza akamaliza kurasa tatu za maandishi bila kutaja kasoro hata moja, na bado akawa amehakiki kisawasawa. Tena nitasema jambo ambalo wengi hawalipendi: kuonyesha kwa nini kitabu kizuri ni kizuri ni kazi ngumu kuliko kuonyesha ubovu wa kibovu. Kosa huwa linajionyesha lenyewe. Uzuri hukupitia ukiwa umezama, ukishtuka umefika sura nyingine na hujui ulifikaje. Kwa hiyo ukikipenda kitabu, hapo ndipo penye kazi. Rudi nyuma utafute ni wapi palikukamata. Mara nyingi utakuta ni aya moja, au hata sentensi ambayo mwandishi aliamua kutoimaliza.

Uchambuzi nao usiuweke kwenye kapu hilo hilo. Kuchambua ni kutenganisha. Nenda Pemba msimu wa karafuu uone: karafuu zikishushwa mtini watu wanakaa barazani kuzichambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Mchicha unachambuliwa, dagaa wanachambuliwa. Kwenye kitabu vilevile: wahusika hapa, mandhari pale, lugha kule. Uhakiki hauwezi kufanyika bila uchambuzi, lakini aliyechambua bado hajahakiki.

Na hapa lazima tuiseme shule kidogo, kwa mapenzi. Waliopita sekondari Tanzania wanaujua wimbo huu wakiwa usingizini: fani na maudhui. Fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui yana dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Kisha swali la mtihani: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Orodha hiyo si mbaya, inakufundisha pa kutazama. Ubaya ni kwamba inafika mahali ikasimama, na sisi tukasimama nayo maisha yote. Utamkuta mtu mzima, ana watoto wanaosoma chuo, amekaa na marafiki zake Jumamosi na soda mkononi, anasema, "Dhamira kuu ni ulevi, umaskini na malezi," kana kwamba msahihishaji yuko nyuma ya kiti na kalamu nyekundu.

Tuchukue kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Muhtasari utakuambia: mama anauza chakula, baba, Mzee Lomolomo, ni mlevi, watoto wao Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wanaishia jalalani Tabata kuokota cha kuokota. Uchambuzi utakuambia kwamba Lomolomo anawakilisha wazazi wasiowajibika, na jalala ni mandhari inayobeba hali ya maisha ya mjini. Mpaka hapo umepata alama zako.

Uhakiki unaanza mtu akiuliza: hivi kweli ulevi ndio uliowatoa watoto hawa shuleni? Mlangoni walirudishwa kwa sababu ya ada na sare. Mama yao yuko jikoni kutwa na bado hapatikani cha kutosha. Je, riwaya inamwonyesha Lomolomo kama chanzo cha umaskini ule, au umaskini umepewa sura ya baba mlevi ili tupate mtu wa kumchukia, na shule inayofukuza mtoto kwa ajili ya sare ipite bila kuguswa? Atakayejibu kwamba baba ndiye chanzo atalazimika kufungua kitabu atuonyeshe. Atakayejibu kwamba shule nayo inalaumiwa, vivyo hivyo. Mimi nina upande wangu katika hilo, lakini siusemi hapa, maana nataka mkisome upya.

Kuna wanaosema mambo haya waachiwe maprofesa. Ni kweli uhakiki umejengewa nyumba vyuoni. Kulikuwa na majarida ya Mulika na Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Dar es Salaam, na mwaka 2002 K. W. Wamitila akatoa kitabu kizima juu ya misingi na vipengele vya uhakiki wa fasihi. Lakini watu wetu walikuwa wakipimana kazi zao kabla ya vyuo hivyo. Washairi wa pwani walijibizana beti kwa beti, huyu akidai na yule akiyapima madai yake. Na miaka ya 1970, baada ya Mashairi ya Kisasa ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1973 na Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, ukazuka ugomvi uliotoka vyuoni ukaingia mpaka magazetini: utungo usio na vina na mizani, ni shairi au si shairi? Upande mmoja ulikuwa na sheria za kutunga alizoziandika Amri Abedi, zilizochapwa mwaka 1954, na hoja nzito kwamba shairi la Kiswahili ni kitu cha kuimbwa. Upande wa pili ukasema sheria zilizokusanywa na mtu mmoja haziwezi kuwa mpaka wa ushairi wote, na kwamba hata huko nyuma tungo zote hazikufuata umbo moja. Maneno makali yalitumika na watu wakanuniana. Hata hivyo kila upande ulilazimika kuleta mashairi yenyewe mezani. Huo ulikuwa uhakiki, tena wa watu waliojali.

Mazungumzo ya marafiki yana jambo moja ambalo jarida halina: unapingwa papo hapo. Katika kikao kimoja cha kwetu tulikuwa na riwaya yenye mhusika mfanyabiashara ambaye mwandishi anasifu werevu wake wa biashara kila baada ya kurasa chache. Dada mmoja mwenye duka la vitenge akasema, kwa upole tu, kwamba yeye huyo mtu hamwamini. "Kitabu kizima hajahesabu pesa. Mimi siku haipiti sijahesabu, hata nikiwa naumwa." Watu wakacheka, kisha wakaanza kufunua kurasa kumtafutia mahali ambapo mhusika anahesabu. Kaka mmoja akapata: "Hapa, dada, anarudisha chenji." Akajibiwa, "Chenji unarudisha hata ukiwa konda. Nionyeshe anapopiga hesabu ya mtaji." Tukatafuta, hatukuona. Hapo kitabu kilikuwa kimedai jambo, kikapimwa kwa kurasa zake, na uamuzi ukatoka ambao yeyote angeweza kuukagua. Neno uhakiki halikutajwa jioni ile hata mara moja, na yule dada ukimwita mhakiki atakukatalia.

Nimejiuliza kwa nini muhtasari ndio unaotawala, na nadhani sababu ni utaratibu wenyewe wa kitabu kimoja kwa mwezi. Mtu akiahidi mbele za watu kwamba atasoma, anatakiwa kuthibitisha kwamba amesoma, na njia rahisi ya kuthibitisha ni kusimulia. Kwa hiyo kinachohakikiwa pale si kitabu. Ni msomaji! Sisi tumegeuka maofisa wa vyeti, tunasikiliza kama ametaja jina la mhusika wa mwisho ili tumtie alama ya vyema. Ningekuwa na mamlaka, ningefuta sharti la kusimulia, nikaomba kila mtu aje na ukurasa mmoja tu: ule aliousoma mara mbili. Hapo asiyesoma atajulikana upesi kuliko kwa muhtasari wowote, maana mihtasari imejaa mitandaoni na mtu anaweza akaiazima.

Basi, ndugu zangu wa kitabu kimoja kwa mwezi, hakuna aliyekatazwa kusimulia. Kusimulia kuna raha yake na kunamsaidia ambaye bado anachagua cha kusoma mwezi ujao. Nyota nazo wekeni mkipenda, ziiteni maoni. Mkisema uhakiki, tupeni dai moja na ukurasa wa kwenda kulitazama, hata kama ni sentensi mbili tu. Na ukileta muhtasari, andika juu yake "muhtasari", na mwisho wa hadithi uufiche, maana wengine bado tuko sura ya nne.